Siku nzima baharini na marafiki, Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sikukuu ikikaribia, simu huwa ni zilezile: tuko kumi, kumi na wawili, tunatoka Arusha, Moshi au Dar, tunataka boti, tunataka kupumzika. Kisha yanafuata maswali. Majibu haya yameandikwa kwa kundi la marafiki linalotaka siku ya kutulia, si mashindano ya kufika visiwa vyote kabla ya jua kuchwa. Ukiwa na haraka, soma swali la kwanza na lile la nahodha, mengine utayajulia hukohuko.

Tuchague siku gani?

Wengi huuliza kwanza ni Jumamosi ipi kila mtu yuko huru. Anzeni na mwezi. Kwenye mwambao wetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na toka kujaa mpaka kupwa ni saa sita na dakika chache. Kila kukicha nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50, kwa hiyo Jumamosi hii na Jumamosi ijayo si bahari moja. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hupanda kidogo na kushuka kidogo.

Kwa Tanga kuna kipimo ambacho mvuvi yeyote anacho kichwani. Siku za bamvua maji huwa yamekauka kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na yamejaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume chake: saa nne asubuhi maji yako juu. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana jedwali tayari, kwani tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni za bamvua, na tarehe 8 na 9, 22 na 23 ni za maji mafu. Kwa dakika kamili kuna majedwali ya maji kujaa na kupwa kwenye simu, lakini kwa kuchagua siku, kalenda inatosha.

Sasa semeni mnataka nini. Mkitaka fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari, mtandike mikeka na kula hapo, chagueni bamvua, maana fungu hutoka nje asubuhi na kukaa wazi mpaka adhuhuri. Mkitaka kuogelea kutoka chomboni, au mna wazee wasioweza kutembea kwenye tope, chagueni maji mafu. Kundi linalokwenda fungu siku ya maji mafu hukuta maji ya magoti, kisha lawama zote humwangukia nahodha.

Miezi gani bahari imetulia?

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba mpaka Machi, kusi toka kwenye Aprili au Mei mpaka Septemba, na kusi hukaza hasa Juni, Julai na Agosti. Katikati ya pepo hizo mbili ni maleleji, na ndiyo siku nzuri: Oktoba na Novemba kabla vuli haijashika, halafu Februari mwishoni na Machi mwanzoni. Aprili na Mei ni masika. Mvua yenyewe si tatizo kubwa, ila mito ya Sigi na Mkulumuzi huingia kwenye ghuba ya Tanga na matope yake, na maji ya kuogelea hugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Hata wakati wa kusi, ghuba imekingwa na visiwa, kwa hiyo ndani huwa na utulivu wakati nje kuna mawimbi. Asubuhi huwa shwari kuliko mchana. Ndiyo maana hapa tunasisitiza kuondoka saa moja na nusu au saa mbili, si saa nne.

Siku mbili kabla ya safari, fuatilieni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, safari imeahirishwa, hakuna mjadala. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja pwani ya Tanzania, waliosikiliza tahadhari walifunga vyombo vyao na kukaa nyumbani.

Twende wapi?

Kwa siku moja ya kupumzika, pachagueni mahali pamoja, au pawili pakizidi.

Kisiwa cha Toten kiko mbele ya mji kabisa, ndani ya bandari. Kina magofu ya misikiti na makaburi ya zamani, mibuyu, na mikoko pembeni. Ni kisiwa cha kutembea kwa adabu kwa saa moja, si cha kupiga kambi na spika. Kinafaa kwa kundi lenye mtu anayependa historia na wengine wanaomvumilia.

Ulenge kiko upande wa kaskazini wa lango la bandari, na kina mnara wa taa. Yambe ni kikubwa zaidi, upande wa kusini, chenye mikoko mingi, ambako chombo kinaweza kutia nanga mahali palipokingwa na upepo. Karange kiko mbali kidogo zaidi. Kati ya visiwa hivi na nje yake kuna mafungu na miamba, na hapo nahodha ndiye anayejua fungu gani limetoka vizuri mwezi huu, kwani mchanga huhama.

Maziwe si safari ya kuanzia Tanga mjini. Huko huendwa kutokea Pangani au Ushongo, kama kilomita 50 kwa barabara kuelekea kusini, kisha kwa boti. Ni eneo tengefu, yaani la hifadhi ya bahari, tangu 1975. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje na kasa walikuja kutaga. Miti iliondoka, ufuo ukaliwa na bahari, na kufikia miaka ya 1980 kikabaki fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Kasa wangali wanapanda kutaga, ila mayai huhamishiwa bara yasizame. Panapendeza mno, lakini hapo saa ya maji ni amri. Mkichelewa kwa saa mbili mtakwenda kutazama bahari tupu.

Kwa nini tusisubiri meli kubwa za kitalii?

Subirini mkipenda. Meli kama Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024, ina urefu wa karibu mita 365 na hubeba maelfu ya watu, na kwenye meli hizo kuna siku ambazo hazitii nanga bandari yoyote: abiria hushinda kwenye viti vya kulala, wanakula, wanasoma, wanasinzia. Hilo la kushinda baharini bila pa kufika ndilo la kuiga. Mabwawa ya kuogelea waachieni, nyinyi mna bahari.

Mashua ya tanga au boti ya faiba ya injini?

Boti ya faiba inafika haraka, ina turubai la kivuli, na mkiwa na mtoto au mgonjwa inarudi haraka vilevile. Kelele yake ndiyo kasoro: hamwezi kuzungumza bila kupaza sauti, na anayekaa tezi, yaani nyuma ya chombo, huvuta moshi wa petroli safari nzima.

Mashua ya tanga ni jambo lingine. Ikishashika upepo hakuna sauti ila maji yakipita ubavuni na kamba zikilia kidogo mlingotini. Kwa siku ya kupumzika mimi nachagua mashua yenye injini ndogo ya akiba, na ningewashauri hivyo wote wasio na haraka. Ila kuna mambo matatu ya kujua. Kwanza, hakuna kivuli cha kutosha, kivuli cha tanga huhama kila chombo kikigeuka. Pili, kurudi dhidi ya upepo ni kupiga bishi, kwenda huku na kule, na safari ya saa moja hugeuka saa tatu. Kwa hiyo wakati wa kusi anzeni kuelekea kusini asubuhi upepo ukiwa mdogo, mrudi mchana na upepo wa nyuma. Tatu, chombo kinapogeuzwa, foromali, ule mti unaobeba tanga, huzungushwa upande wa pili wa mlingoti, na kamba na tanga hupita vichwani. Nahodha akisema "inameni", inameni hapohapo. Usimalize kwanza kupiga picha.

Ngalawa ni ya watu wawili watatu. Ni tamu, lakini kwa kundi la kumi haifai.

Nitajuaje nahodha ni mzuri?

Hili ndilo swali lenye uzito, na watu huliuliza mwisho, baada ya muziki na nyama.

Nenda siku moja kabla, ukione chombo chenyewe, usione picha yake tu. Vyombo vinapatikana maeneo ya Raskazone, Deep Sea na Sahare. Panda ndani, tazama ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika. Maji kidogo ni kawaida kwa chombo cha mbao, ila muulize, "Ngama hutolewa maji mara ngapi?" Jibu lake litakueleza hali ya mbao. Tazama nanga na kamba yake, kasia au upondo, tochi, simu yenye chaji, injini na petroli ya akiba. Chombo cha abiria kinatakiwa kiwe kimekaguliwa na kuwa na cheti. Msimamizi wa usalama wa vyombo majini ni TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na kuomba kuona cheti si utovu wa adabu.

Kisha hesabu majaketi ya kujiokolea. Hesabu kwa kidole, moja kwa kila kichwa pamoja na mabaharia, na ufungue moja uone kama mikanda inashika. Mengi hukaa chini ya mbao mpaka panya wameyatoboa. Kwa mtoto, mvishe, kaza, halafu lishike jaketi mabegani ulinyanyue: likipanda kupita kidevu ni kubwa kwake. Hapa ninasisitiza kwa sababu hatujasahau kuzama kwa MV Spice Islander Septemba 2011, iliyopakia kupita uwezo wake, wala kwa MV Skagit Julai 2012. Zile zilikuwa meli, lakini hesabu ya watu na majaketi haibagui chombo. Mkijikuta mko kumi na watano kwenye chombo cha watu kumi, kodini cha pili.

Mwulize pia swali moja la mtego mdogo: "Nahodha, saa tisa upepo ukikaza tutarudi vipi?" Nahodha mzuri ataanza kueleza njia, pengine kuchora mchangani kwa kidole. Anayesema "usiwe na wasiwasi kaka, tutafika tu" hajajibu. Muage kwa heshima, utafute mwingine.

Mkishakubaliana, yeye ndiye mkubwa chomboni. Hata kama kundini kuna mkurugenzi.

Gharama zinakwendaje?

Chombo hukodishwa kizima, si kwa kichwa, na sehemu kubwa ya bei ni mafuta. Ulizeni kabla: mafuta yamo ndani ya bei? Chakula cha mabaharia kimo? Mkichelewa kurudi kuna nyongeza? Mkiingia eneo la hifadhi kuna ada, na raia analipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, nanyi mbaki na stakabadhi. Toeni nusu kwanza, nusu mkirudi.

Ndani ya kundi, chagueni mweka hazina mmoja mwenye roho ngumu. Mchango ukusanywe wiki moja kabla. Ahadi ya "nitatuma nikifika" imevunja urafiki mwingi kuliko kusi.

Tule nini?

Hapa Tanga haina mpinzani, na ni haki kukaa juu ya swali hili.

Asubuhi, kabla ya kupanda, kuleni kitu chepesi: chapati au mahamri na chai ya tangawizi. Msile maharage, wala supu yenye mafuta mengi. Njiani wekeni mkate wa ajemi, unaokatwa kwa mkono na haumwagiki, na machungwa ya Muheza kama ni msimu wake. Chungwa baharini ni chakula na dawa: linaondoa ukavu wa chumvi mdomoni na kutuliza tumbo. Menyeni nyumbani yale maganda ya juu, muyapange kwenye deli la barafu, mkifika mnakata na kunyonya.

Chakula cha mchana kipikwe nusu nyumbani. Wali wa nazi ukitolewa jikoni saa moja asubuhi, sufuria ikafungwa kwa leso mbili nene, saa sita bado una joto. Samaki nunueni alfajiri sokoni Deep Sea, changu au tasi wa kukaanga na kuchoma, kolekole mkitaka minofu. Chagueni mwenye jicho linalong'aa na mashavu mekundu ndani. Mwuzaji atawapara na kuwatoa matumbo kwa malipo kidogo. Chanja ubavuni, paka chumvi, ndimu, kitunguu saumu na pilipili, mtie kwenye deli. Kwenye fungu ni mkaa na wavu tu. Tui la kupaka chemsheni nyumbani mpaka liwe zito, mlitie kwenye chupa ya mdomo mpana. Samaki akikaribia kuiva anapakwa, anageuzwa, anapakwa tena, na harufu ikishaenea hata waliolala chini ya tanga wataamka wenyewe.

Jiko liwe la mkaa lenye miguu, majivu yarudi nayo. Msiwashe moto juu ya magofu wala kukata mikoko kwa kuni. Kwenye eneo la hifadhi, ulizeni kwanza kama moto unaruhusiwa.

Maji ya kunywa: lita tatu kwa kila mtu, na kidumu cha ziada. Madafu ni mazuri lakini hayahesabiwi badala ya maji. Na mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo bebeni vikapu. Takataka zote zirudi mjini, pamoja na visoda.

Choo je?

Mashua nyingi hazina. Hili lisemwe wazi kwenye kundi la simu mapema, ili asionekane mtu wa kulalamika. Mwende kabla ya kupanda. Chagueni njia inayopita kisiwa chenye vichaka walau mara moja kabla ya adhuhuri, na wanawake wabebe leso ya kuzungushia. Kwenye fungu tupu hakuna pa kujificha. Kama kundini kuna mtu ambaye jambo hili litamnyima raha, tafuteni boti kubwa yenye choo, hata kama ni ghali zaidi.

Nikilevywa na bahari?

Kaa katikati ya chombo, chini, mbali na moshi wa injini. Macho yatazame mbali, kule mbingu zinapokutana na maji, si kwenye simu. Kuchungulia simu ndiko kunakoangusha vijana wengi. Tangawizi husaidia wengine. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu vipo maduka ya dawa, humezwa kama nusu saa au saa moja kabla ya kupanda, na vingi huleta usingizi. Mjamzito au mwenye maradhi amwulize daktari au mfamasia kwanza. Ukishindwa kabisa, tapika upande upepo unakokwenda. Hakuna aibu, hata mabaharia walianza hivyo.

Sijui kuogelea. Nije?

Njoo. Vaa jaketi toka unapanda mpaka unashuka, na usikubali mzaha wa kusukumwa majini. Kwenye fungu unaweza kukaa maji ya kiunoni upande uliokingwa, usiende upande wa mkondo. Kundi lichague mtu mmoja wa kuhesabu vichwa kila watu wakitoka majini, na anayekunywa pombe siku hiyo asipewe kazi hiyo.

Vaeni yeboyebo au raba za maji miguuni. Mwambani kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu, na mwiba wake huvunjikia ndani. Ukiguswa na konyeza, yule mdudu laini wa majini anayewasha, suuza kwa maji ya bahari, usisugue, usitumie maji baridi ya kunywa. Mtu akikosa pumzi au akivimba uso, safari imekwisha, rudini mjini. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi ni 112.

Tutamwona silikanti?

Hapana, na anayekuahidi hivyo anakuuzia maneno. Silikanti, samaki wa kale, huishi chini sana, kwenye mapango ya miamba kwenye giza, kwa kawaida kina cha zaidi ya mita 100. Wataalamu walidhani ametoweka pamoja na dinosaria miaka milioni 66 hivi iliyopita, mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga walianza kumnasa kwenye jarife, wavu wa matundu makubwa, miaka ya 2000, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, yenye kilomita za mraba 552, kuanzia mdomo wa mto Pangani mpaka kaskazini ya bandari ya Tanga. Anazaa, hatagi. Mkubwa wake hukaribia mita 2. Raha ya pale ni kujua kwamba nyinyi mnakula machungwa juu na yeye yuko chini, hana habari nanyi.

Mnachoweza kuona ni pomboo, wakati mwingine kasa akitoa kichwa kuvuta pumzi, na kati ya Agosti na Oktoba, mkiwa nje na mkiwa na bahati, mgongo wa nyangumi.

Mbona sehemu nyingine matumbawe ni vifusi?

Baruti. Kwa miaka mingi uvuvi wa mabomu uliitesa pwani ya Tanga, na mlipuko mmoja hubomoa mwamba uliojengwa kwa miongo. Toka 1994 kulikuwa na mpango wa vijiji na serikali wa kufunga baadhi ya miamba ili ipumzike, na baadhi ilirudi vizuri. Mkizamia na miwani, msisimame juu ya matumbawe, nanga itiwe mchangani, na msiokote simbi wala vipande vya matumbawe, hata vilivyokufa. Kuvua kwa mshipi ndani ya hifadhi ni kwa kibali.

Mavazi, sala, pombe, muziki?

Tanga ni mji wa watu wastaarabu na wengi ni Waislamu. Mkiwa chomboni vaeni mtakavyo, mkishuka ufukweni penye watu jifungeni leso. Ijumaa wavuvi wengi hawatoki mpaka baada ya sala, kwa hiyo msilazimishe. Adhuhuri ikiingia mko kwenye fungu, wenye kusali wataomba kimya cha dakika chache. Kibla kwa hapa ni karibu kaskazini kabisa, hata bila simu mtakipata. Wakati wa Ramadhani ulizeni kwanza kama nahodha anatoka, na msile mbele ya mabaharia waliofunga kana kwamba hawapo.

Pombe semeni mapema kabla hamjalipa, kwani manahodha wengine hawaruhusu chomboni mwao na wana haki. Muziki, spika moja, na izimwe saa za kulala. Ninajua nitabishiwa hapa. Lakini mtu ametoka mjini akikimbia kelele, halafu amezibeba kwenye begi?

Siku nzima tutafanya nini?

Kidogo sana. Kundi likija na ratiba ya michezo sita, mpaka saa saba watu wamechoka kuliko kazini. Kwa siku ya bamvua mambo huenda hivi: saa mbili mmetoka, saa tatu mmefika na fungu linaanza kutoka. Mnaoga wakati maji yanashuka. Saa tano jiko linawashwa, saa sita mnakula. Kuanzia hapo wenye karata wanacheza, wenye stori zao wanazimaliza, mmoja anakoroma. Saa saba maji yanarudi na kulamba kingo za mkeka, mnapanda chombo, mnatia nanga nyuma ya kisiwa na kulala chini ya tanga. Saa tisa mnaanza kurudi. Maji yakiwa yamejaa chombo hufika karibu na ufuo na hamkanyagi tope. Jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi kulingana na mwezi. Muwe mmefika kabla, giza la bahari si la kujaribia.

Bebeni mafuta ya kujikinga na jua, kofia yenye kamba, na shati la mikono mirefu. Jua la juu mnalihisi, lile linalorudi kutoka majini hamlihisi mpaka usiku.

Tuna rafiki anayechelewa kila mara.

Mwambieni saa kumi na mbili asubuhi.

Simu zitashika mtandao?

Ndani ya ghuba kwa kawaida ndiyo, nje hukatikakatika. Ziwekeni kwenye mfuko usiopitisha maji, na simu ya nahodha isitumike kupigia picha.

Tunaweza kuvuka mpaka Pemba tulale jioni nyumbani?

Hapana. Ile ni safari nyingine, kwenye maji marefu yenye mkondo, na vyombo vyake ni vingine. Vuka kwa chombo cha abiria kilichosajiliwa, siku nyingine.

Asubuhi nahodha akisema hatutoki?

Hamtoki. Mshukuruni, mkubaliane tarehe nyingine, na malipo ya awali yabaki kwenye hiyo tarehe mpya. Hili nalo mlielewane siku ya kulipa. Samaki mmeshanunua, jiko mnalo: Raskazone kuna pa kukaa kivulini mkiitazama bahari iliyowakatalia. Wasiotaka kukaa waende Mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kaskazini ya mji, au magofu ya Tongoni kwenye barabara ya Pangani. Tongoni nendeni jioni, jua likiwa limepungua, na mlipe ada ya kuingia.